Tamthilia za Mwaka 2025: Jibu kwa Mwalimu wa Nakuru

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Nakuru ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hivi. Yeye na mumewe, ambaye ni fundi wa mabomba, huwa na saa moja tu ya kutazama runinga baada ya watoto kulala. Mwaka 2025 walianza tamthilia 11, tano kati yazo za humu nchini, na wakamaliza tatu tu. Mumewe husinzia kabla ya sehemu kufika katikati, na kila wanapoacha tamthilia njiani wao huhisi kwamba wametupa jioni ambazo hazitarudi. Anauliza ni tamthilia zipi nilizozipenda mwaka huo na zipi zilizonivunja moyo, kisha anauliza pia mtu anawezaje kujua mapema, kabla ya kuzama wiki nzima, kwamba tamthilia fulani inafaa kufuatwa hadi mwisho.

Mwalimu, asante kwa barua yako. Nimefundisha uandishi wa miswada ya filamu na runinga hapa Kisumu kwa miaka mingi, na kwa kuwa kutazama ni sehemu ya kazi yangu, jioni nilizopoteza mimi ni nyingi kuliko zenu. Mwaka 2025 ndipo nilipotambua kwamba ninazipima tamthilia kwa kitu kimoja ambacho sikuwa nimewahi kukitamka darasani. Ninatazama kazi. Nataka kujua mtu huyu anayelia, anayependa na kulipiza kisasi anapata wapi mlo wake, nani anamlipa, mikono yake inafanya nini tangu asubuhi hadi jioni, na kama kazi hiyo ina nguvu ya kugeuza hadithi. Tamthilia zilizonikaa moyoni zilinijibu swali hilo kabla sijauliza. Zilizonivunja moyo ama hazikuwa na jibu tangu mwanzo, ama zilikuwa nalo kisha zikalitupa, na hizo za kundi la pili ndizo zilizoniuma zaidi.

Iliyonishika kuliko zote ni The Pitt, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Januari 2025. Msimu wake wa kwanza una sehemu 15, na kila sehemu ni saa moja ya zamu moja katika idara ya dharura ya hospitali ya mji wa Pittsburgh, kuanzia saa moja asubuhi. Noah Wyle anaigiza Robby, daktari anayeongoza zamu hiyo, ambaye siku yenyewe ni kumbukumbu ya kifo cha mwalimu wake aliyefariki wakati wa janga la korona. Karibu hakuna muziki wa kukuelekeza mahali pa kulia. Unasikia mashine, magurudumu ya vitanda, watu wakiitana kwa majina ya dawa, na minong'ono ya jamaa waliokaa kwenye viti vya plastiki kwa muda mrefu mno.

Jirani yangu ni muuguzi ambaye amefanya kazi katika wodi za dharura kwa zaidi ya miaka 20. Jumamosi moja usiku stima ilipotea upande wao wa mtaa, akaja kwangu kuchaji simu, akanikuta kwenye sehemu ya tatu. Alisimama mlangoni na chaja mkononi, kisha akaketi kwenye mkono wa kiti kama mtu anayeondoka sasa hivi, na hapo ndipo alipokuwa hadi saa tano usiku, simu yake bado haijachomekwa. Alipomwona Dana, muuguzi msimamizi anayeigizwa na Katherine LaNasa, alinyoosha kidole akasema, "Huyo ndiye anayeendesha hospitali, hao madaktari ni wageni wake." Nilimwuliza amejuaje. Akaniambia nitazame jinsi anavyotembea. Mahali penye wagonjwa wengi, muuguzi mzoefu hakimbii, kwa sababu akikimbia wodi nzima inashtuka, jamaa wa wagonjwa wanasimama, na kazi inaharibika. Nilikuwa nimetazama sehemu mbili nzima bila kuona jambo hilo, na tangu hapo sikuweza kuliacha.

Katika tamthilia hii kazi ndiyo inayozaa matukio. Tangu asubuhi tunaona chumba cha kusubiri kimejaa na wagonjwa waliokwisha kuhudumiwa hawaondoki kwa sababu vitanda vya juu havipatikani, huku msimamizi wa hospitali akija kila mara kuuliza kwa nini wagonjwa hawaridhiki. Saa kadhaa baadaye, mtu aliyesubiri mno anampiga Dana ngumi ya uso alipotoka nje kuvuta pumzi, na hakuna mtazamaji anayeweza kusema kwamba ngumi ile imetoka hewani. Tuliiona ikijengwa kitanda kwa kitanda. Vivyo hivyo kwa wazazi wa kijana aliyekufa ubongo baada ya kumeza dawa za kulevya. Tamthilia nyingine ingewapa dakika nne za kilio na kuwaacha waende. Hapa wanachukua saa baada ya saa, sehemu baada ya sehemu, kufikia mahali pa kukubali, na katikati ya msiba wao Robby anaitwa kwenda kushona mtu mwingine kisha anarudi. Nilimfikiria kila mzazi niliyewahi kumwona kwenye benchi la hospitali akingoja mtu aje amwambie neno. Mwezi Septemba tamthilia hii ilipata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora, naye Wyle na LaNasa wakapata zao, na kwa mara moja nilikubaliana na waamuzi.

Sasa nije kwa maumivu. The Bear ilipoanza mwaka 2022 niliipenda kiasi cha kuwaambia wanafunzi wangu waitazame mara mbili, mara ya kwanza kwa hadithi, mara ya pili kwa sauti ya visu. Carmy, mpishi aliyefunzwa katika mikahawa ya kifahari, anarudi Chicago kushika kibanda cha mikate ya nyama alichoachiwa na kaka yake aliyejiua. Palikuwa na moto na madeni, na oda zilizokuwa zikitoka kwenye mashine bila kukoma hadi watu wakapigiana kelele. Msimu wa pili ulinipa sehemu moja ambayo bado naitumia darasani, ile ambamo Richie, mtu mzima aliyekosa mwelekeo maishani, anatumwa kwa wiki moja kwenye mkahawa mkubwa na kupewa kazi ya kung'arisha uma. Uma tu, siku baada ya siku. Anakasirika akidhani anadharauliwa, kisha polepole anaanza kuona kwamba kila uma utafika mkononi mwa mtu aliyeungoja usiku huo kwa hamu, na anabadilika mbele ya macho yetu kabla ya mtu yeyote kumhubiria.

Nikitaka kuwaeleza wanafunzi kilichopotea baadaye, huwapeleka Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu. Fika pale ufuoni saa sita mchana usimame karibu na mama mmoja anayekaanga samaki. Anamshika ngege kwa mkia, anaparuza magamba kuelekea kichwani, anamchanja mara tatu kila upande, anasukuma chumvi ndani ya mikato kwa kidole gumba, kisha anainama kuyasikiliza mafuta kabla ya kumtia. Wakati huo huo anamjibu mteja, anamkaripia kijana aliyeleta kuni mbichi, na anahesabu chenji kwa mkono uliokauka. Ukimtazama dakika tano utakuwa umejua kama siku yake ni njema au mbaya, nani anamdai, na nani kati ya wale wateja anapendelewa, wala hakuna aliyekuambia lolote.

Misimu miwili ya kwanza ya The Bear ilikuwa na dakika tano hizo. Wa tatu ulianza kuzipunguza. Msimu wa nne, uliotoka Juni 2025 ukiwa na sehemu 10, uliweka saa ukutani inayohesabu kurudi nyuma kutoka saa 1,440, yaani siku 60 kabla ya fedha za mkahawa kwisha, na nilipoiona nilipiga makofi peke yangu sebuleni kwa sababu nilidhani kazi imerudi. Lakini watu waliketi wakazungumza. Waliombana msamaha, wakasimuliana majeraha ya utotoni, wakanyamaza wakitazamana huku wimbo mzuri ukipita. Ile saa iliendelea kuhesabu ukutani, nami sikujua tena mkahawa unauza sahani ngapi kwa usiku, nyama inagharimu kiasi gani, wala ni nani asiyelipwa. Sehemu ya mwisho karibu yote ni mabishano ya watu wachache nyuma ya jengo. Waigizaji ni hodari na baadhi ya maneno yalinigusa. Hata hivyo chakula kilikuwa kimegeuka pambo la meza, na mimi nilikuwa nimeipenda tamthilia hii kwa sababu ya jikoni. Nilihuzunika kama mtu aliyerudi kwenye hoteli aliyoizoea akakuta wamebakiza menyu tu.

Kuhusu tamthilia za humu nchini nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndizo zinazonihusu zaidi na ndizo ulizozitaja kwa uchungu. Umesema kwamba mliacha zote tano na hukuweza kueleza kwa nini, maana waigizaji walikuwa wazuri na picha zilikuwa safi. Nadhani naweza kukusaidia. Chukua mfano wa zile zinazoonyeshwa jioni za juma, ambazo sitazitaja kwa jina kwa sababu dosari ni ya aina nzima. Kuna familia tajiri, kuna jumba lenye ngazi pana, na kuna kampuni. Neno kampuni hutamkwa mara nyingi kwa sauti nzito, watu hupigania urithi wake, hutiliana sumu kwa ajili yake, lakini mpaka leo sijui kama kampuni hiyo inauza saruji, maua au bima. Mkurugenzi anaingia ofisini, anatia sahihi karatasi moja, simu inalia, anatoka. Mfanyakazi wa nyumbani, ambaye ndiye pekee mwenye kazi inayoonekana, anashika ufagio karibu na mlango ili asikie siri, na ufagio hausogei. Mumeo ni fundi. Nadhani husinzia kwa sababu anatazama watu ambao hawachoki.

Sababu naijua, wala si uvivu wa waandishi. Tamthilia ya kila siku inadai matukio mengi kwa siku moja ya kurekodi. Sebule moja ya kukodi, taa zikishawekwa na sauti ikishapimwa, inaweza kukuzalia matukio kumi kabla ya jua kuchwa. Ukitoka kwenda sokoni, kiwandani au ufuoni, unahitaji vibali, unapata umati wa watazamaji, unapata jogoo na matatu na mtu anayetaka kujua analipwa nani, na nusu ya siku imekwisha kabla ya kamera kuwashwa. Mtayarishaji mwenye hesabu kali atachagua sebule kila mara.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mshauri wa mswada katika kazi moja ndogo hapa Kisumu. Tulikuwa na tukio la dakika mbili la baba anayetengeneza masanduku ya bati katika soko la Kibuye huku mwanawe akija kuomba karo. Tulifika asubuhi, na kama ilivyotarajiwa mafundi wote walikuwa wakigonga. Tukamlipa aliyekuwa karibu nasi ili anyamaze, na yeye akaketi juu ya sanduku lake akatutazama. Mwigizaji wetu, kijana mwenye sauti nzuri sana, aliinua nyundo hadi juu ya bega akaipiga bati kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Yule fundi alishindwa kuvumilia. Alikuja akaichukua nyundo kwa upole, na wala hakuinua mkono. Aliiacha ianguke kwa uzito wake mwenyewe, akaukunja ukingo wa bati kwa mapigo mafupi yaliyofuatana kama mtu anayeshona, kidole gumba cha mkono wa kushoto kikitangulia kuhisi mahali pa pigo linalofuata. Sote tulinyamaza. Mwelekezi alitaka kuanza upya kwa namna ile, na mwigizaji alikuwa tayari kujifunza, lakini tulikuwa tumebakiwa na saa moja na mwenye fedha alikuwa akitupigia simu. Tukarudi mjini, tukarekodi kwenye kochi, na katika mswada tukaandika mstari mmoja, "Baba yako ni fundi, hana pesa." Mstari huo ndio uliobaki mahali pa kidole gumba kile, na mimi ndiye niliyeuandika.

Ndiyo maana mwaka 2025 nilirudi kutazama sehemu za zamani za Papa Shirandula, kichekesho cha runinga ya Citizen kilichotuweka mbele ya runinga kwa miaka mingi hadi Charles Bukeko alipofariki Julai 2020 na kuzikwa kwao Busia. Huenda ukashangaa kwamba nakiweka pamoja na tamthilia za hospitali za Marekani. Lakini msingi wake wote ni kazi. Papa ni soja wa lango ambaye hataki mkewe Wilbroda ajue, kwa hiyo huondoka nyumbani amevaa suti kama mtu wa ofisini. Kila kicheko kinatokana na hofu hiyo moja, na sisi wa magharibi tulicheka kwa namna ya pekee kwa kuwa tunawajua wanaume waliokuja likizo ya Desemba na suti na maelezo yasiyo wazi kuhusu ofisi yao ya Nairobi. Bukeko alimpa soja huyo heshima. Alijua jinsi mlinzi anavyosimama gari la bosi linapokaribia, na jinsi mwili unavyolegea gari likishapita.

Na kama mtu ataniambia kwamba kazi ni ghali kuonyesha, nitamwonyesha Njoro wa Uba. Joe Kinyua anaigiza Njoro, mwanamume aliyetalikiwa anayeendesha teksi ya kuitwa kwa simu jijini Nairobi huku akihangaikia watoto wake. Gari ni sebule inayotembea. Abiria anaingia na shida zake, anatoka, mwingine anaingia, na dereva anayesikia yote analazimika kuchagua wakati wa kusema na wakati wa kutazama barabara. Gharama yake haiwezi kuwa kubwa kuliko ya jumba lile lenye ngazi. Nikiwa na mwanafunzi anayelalamika kwamba hana bajeti, tamthilia hiyo ndiyo jibu langu la kwanza.

Country Queen ya mwaka 2022, iliyokuwa tamthilia ya kwanza ya Kenya kutolewa kwa jina la Netflix, niliitazama tena pia. Ina sehemu 6 tu na inahusu Akisa, mwanamke anayerudi kijijini kwao akakuta kampuni ya madini inawanyang'anya watu ardhi. Inapokuwa kijijini, kwenye udongo na mashimo ya dhahabu, ina nguvu. Ikipanda lifti za Nairobi inaanza kufanana na zile nyingine. Bado naipendekeza, kwa kuwa kampuni yake angalau inachimba kitu.

Squid Game, ile ya Korea Kusini ambamo watu wenye madeni hushindania fedha katika michezo ya kufa na kupona, nitaipitia haraka kwa sababu wengi mmeshaimaliza. Msimu wa kwanza, mwaka 2021, wachezaji walikuja na kazi zao mwilini. Gi-hun alikuwa amepoteza kazi katika kiwanda cha magari baada ya mgomo uliovunjwa kwa nguvu, naye Ali, mhamiaji kutoka Pakistan, alikuwa ameumizwa vidole kiwandani na kunyimwa mshahara wake. Msimu wa tatu na wa mwisho ulitoka tarehe 27 Juni 2025, na humo matajiri wenye vinyago wanapewa nafasi kubwa kuliko wadaiwa wenyewe. Nilitazama sehemu zote 6 nikingoja mtu mmoja akumbuke alikuwa akifanya nini kabla ya kuvaa sare ya kijani, na sikupata wa kuniridhisha.

Severance ilinigawanya. Wahusika wake wamefanyiwa upasuaji unaotenganisha kumbukumbu za kazini na za nyumbani, nao hupanga tarakimu kwenye skrini siku nzima bila kujua ni za nini. Msimu wa pili ulikuja Januari 2025, karibu miaka 3 baada ya wa kwanza. Kila ulipotoka nje ya ofisi ile nyeupe niliona unapungukiwa, lakini jibu kuhusu zile tarakimu lilipokuja lilinitia baridi mwilini, kwa sababu lilikuwa jibu la swali ambalo kila mfanyakazi amewahi kujiuliza. Ya majasusi walioharibu kazi wakatupwa kwenye jengo chakavu la London kupanga karatasi, Slow Horses, iliendelea kunifurahisha katika msimu wake wa tano. Kila msimu una sehemu 6, nanyi mnaweza kuumaliza kwa wiki moja bila kujinyima usingizi.

Nije sasa kwenye swali lako la pili. Sehemu ya pili ikiisha, zimeni runinga na uliza kwa sauti: huyu mhusika mkuu anafanya kazi gani, na leo kazini kulitokea nini kilichombadilishia siku? Kama nyote wawili mnaweza kujibu, endeleeni. Kama mnajua ni nani anampenda nani na nani anamchukia nani lakini hamjui mtu yeyote alikuwa wapi saa nne asubuhi, iacheni bila majuto. Tazama pia vitu. Mpishi akishika kisu, je, kisu kinakata? Mwalimu akiwa darasani, je, ubao una maandishi ya somo au kuna neno moja tu limeandikwa ili kamera ilione? Wewe mwenyewe ungegundua hilo kwa sekunde tatu, na hukosei. Sisemi kwamba mapenzi na wivu si hadithi. Ninachoona ni kwamba mapenzi ya watu wenye kazi yana vikwazo vya kweli, kama zamu zinazogongana, mshahara uliochelewa au nauli, ilhali ya wasio na kazi hayana budi kubuniwa vikwazo, na ndipo ajali, sumu na mapacha waliopotezana huingia. Mtindo huu utakukosesha tamthilia moja au mbili nzuri kwa mwaka. Kwa mtu mwenye saa moja kwa siku, mimi naona hasara hiyo inavumilika.

Mkianza tena mwezi huu, anzeni na Adolescence, ambayo nimeiweka mwisho makusudi. Ni ya Uingereza, ilitoka Machi 2025, ina sehemu 4 tu, na kila sehemu imerekodiwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatizwi tangu mwanzo hadi mwisho. Mvulana wa miaka 13, Jamie, anakamatwa alfajiri kwa tuhuma za kumuua msichana wa shule yao. Sehemu ya pili iko shuleni, na nakuonya kwamba itakuuma, kwa maana walimu wale wamezidiwa, na mpelelezi analazimika kufunzwa na mwanawe mwenyewe maana ya vijipicha ambavyo watoto hutumiana kwenye simu. Sehemu ya tatu ni watu wawili chumbani, Jamie na mwanasaikolojia aliyekuja kukusanya maelezo ya ripoti yake. Anamletea kikombe cha chokoleti ya moto na nusu ya mkate wake. Ni karimu, na ni mbinu ya kazi pia, na kadiri mazungumzo yanavyoendelea unauona mkono wake ukitafuta mahali pa kutulia kwa sababu anamwogopa mtoto aliyemjia kwa wema. Baada ya Jamie kuondolewa anabaki na mkate ule uliong'atwa. Sijaona kazi ya kusikiliza ikionyeshwa vizuri zaidi kwenye skrini.

Sehemu ya nne ndiyo niliyoiwaza niliposoma kwamba mumeo ni fundi wa mabomba, kwani Eddie, baba yake Jamie, anayeigizwa na Stephen Graham, hufanya kazi hiyo hiyo. Ni asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa, ametimiza miaka 50. Anatoka nje anakuta gari lake la kazi limepakwa tusi kwa rangi, tena tusi lililoandikwa kwa tahajia mbovu. Wahusika wengine wangelia hapo hapo. Eddie anachukua ndoo na sabuni anaanza kusugua. Haitoki. Anaichukua familia yake hadi duka la vifaa vya ujenzi kutafuta kitu cha kuiondoa, na sehemu nzima, pamoja na kila kitu ambacho baba huyu hajui namna ya kukisema kuhusu mwanawe, inapita kupitia rangi hiyo. Gari la fundi ndilo ghala lake na ndiyo barua yake ya sifa mtaani, na mumeo ataelewa mapema kuliko mimi kwa nini mtu mwenye msiba mkubwa namna ile anahangaika na bodi ya gari. Itazameni Ijumaa, watoto wakiwa wamelala kweli na mlango umefungwa. Sehemu ya tatu ipeni usiku wake pekee. Kisha niandikie tena, Mwalimu, uniambie alisema nini alipoiona ile ndoo.